Boti Iliyoitwa Mimi

Katika kituo cha mafuta kando ya barabara ya Bagamoyo nilikuta pikapu imesimama, na nyuma yake boti ya faiba imefungwa kwa mikanda juu ya trela. Dereva alikuwa anazunguka akiyapiga teke matairi. Utingo wake alikuwa amekalia jiwe kubwa. Nilimwuliza dereva kama mzigo ule haumsumbui kwenye milima.

"Kupanda hakuna shida, kaka," alinijibu. "Shida ni kushuka. Unakanyaga breki, gari linatii, boti haitii. Inakusukuma."

Jiwe lile walikuwa wanasafiri nalo. Gari likisimama kwenye mteremko, kazi ya utingo ni kuruka haraka na kuliweka nyuma ya gurudumu.

Nilipofika nyumbani nilirudi kusoma habari za boti nyingine mbili, zilizovutwa nchi kavu zaidi ya miaka 100 iliyopita kwenda Ziwa Tanganyika. Moja iliitwa Mimi.

Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani ndio waliokuwa wakilitawala ziwa hilo. Walikuwa na meli ndogo mbili zenye mizinga, Kingani na Hedwig von Wissmann. Kigoma walikuwa wameunda ya tatu, kubwa kuliko zote: Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg huko Ujerumani, ikavunjwavunjwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupelekwa bara kwa Reli ya Kati. Upande wa pili wa ziwa, Kongo, Wabelgiji hawakuwa na chombo cha kupambana nayo.

Mwindaji wa tembo aliyeitwa John Lee alikwenda London na shauri lililosikika kama mzaha: zichukuliwe boti za injini, ndogo lakini zenye mbio, zipelekwe ziwani zikiwa nzima kwa kupitia kusini. Wakuu wa jeshi la majini walikubali. Walitoa boti 2 za mbao, kila moja ikiwa na urefu wa futi 40, na msafara akakabidhiwa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa aliyekuwa na sifa mbaya ya ajali na majigambo. Alitaka boti hizo ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa walikataa, naye akaleta majina mengine yakapita: Mimi na Toutou. Ni Kifaransa cha kitoto. La kwanza ni la paka, la pili ni la mbwa.

Sina hakika kama kuna yeyote aliyemweleza kwamba katika nchi alikokuwa anakwenda, Mimi ni neno la kila siku.

Boti zilisafiri kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni kupita Bulawayo hadi Fungurume, Katanga. Zilifika Agosti 1915, na hapo reli ikaisha. Mbele kulikuwa na maili 146, yaani kilomita 235 hivi, za pori na Milima ya Mitumba, kabla ya kufika Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kilielekea Mto Lualaba. Barabara haikuwepo. Ilibidi itengenezwe, miti ikatwe, mawe yavunjwe, na madaraja yapatayo 150 yajengwe juu ya mito na makorongo. Walioifanya kazi hiyo walikuwa Waafrika, mamia kwa mamia.

Boti ziliwekwa juu ya magari ya magurudumu yaliyotengenezwa kwa ajili yake, zikavutwa na matrekta mawili ya mvuke. Trekta la mvuke lina nguvu, lakini linakula kuni na kunywa maji bila kushiba, na ule ulikuwa wakati wa kiangazi. Mito ilikuwa mbali. Wanawake wa vijiji vya njiani walitakiwa kubeba maji vichwani na kuyaleta kwenye boila. Ninapoipiga picha safari ile kichwani, ndipo ninapokwama: jeshi la majini la dola kubwa kuliko zote duniani limesimama porini, halina maji, linasubiri mama mwenye mtungi.

Mahali matrekta yaliposhindwa, walifungwa maksai. Maksai waliposhindwa, zilifungwa kamba na kapi kwenye miti mikubwa, watu wakavuta. Njia ilipanda hadi zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Na huko juu walikutana na jambo alilonieleza dereva wa pikapu: kupanda ni nguvu tu, ila kushuka kunataka kitu cha kushikilia. Mzigo wa tani kadhaa ulishushwa taratibu, ukizuiwa kwa nyuma na kamba.

Sankisia walifika mwishoni mwa Septemba. Ikafuata treni fupi hadi Bukama, kisha Lualaba, ambao maji yake yalikuwa yamepungua kiasi cha boti kukwama mchangani mara kwa mara, kisha treni tena kutoka Kabalo. Siku chache kabla ya Krismasi zilishuliwa ziwani, karibu na ilipo Kalemie ya leo.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi kuliko safari. Tarehe 26 Desemba, Mimi na Toutou ziliishambulia Kingani, na kwa muda wa dakika kumi na kitu ikasalimu amri. Waingereza waliikarabati wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Kesho yake Graf von Götzen ilitokea, na Spicer-Simson akakataa kwenda kuikabili. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakikimbia Kigoma. Baadaye iliibuliwa, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba.

Spicer-Simson alipewa nishani. Watu wa ziwani walikuwa wamempa jina lao, Bwana Chifunga-Tumbo, kwa sababu ya sketi aliyopenda kuvaa. Mmoja wa wenzake, Frank Magee, aliandika makala ya safari hiyo katika jarida la National Geographic mwaka 1922. Tangu hapo kisa kimesimuliwa katika vitabu vingi, na karibu vyote vinamhusu yeye: michoro ya chale mwilini mwake, ukali wake, visa vyake. Boti zina majina. Meli ya adui ina majina mawilimawili. Waliobeba maji ni "wanawake wenyeji", na waliovuta kamba ni "vibarua".

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1874, Henry Stanley alitoka Bagamoyo na boti iliyoitwa Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ibebwe mabegani na wapagazi. Nayo ilikuwa na futi 40. Aliyepewa jina lake, mchumba wake Alice, alikuwa Marekani na hakuinua hata ubao mmoja.

Huwa naisoma sentensi moja inayojirudia katika vitabu hivyo: kwamba Mimi ilivuka milima. Kwa Kiingereza inapita bila kukwaza. Kwa Kiswahili ulimi unasita, kwa maana ukisema mimi nilivuka milima, msikilizaji atakuuliza: wewe nani? Na ulivukaje?

Kituoni pale dereva alimaliza kukagua akawasha gari. Utingo alisimama, akajifuta vumbi, akalibeba jiwe kwa mikono miwili na kulitupia nyuma ya pikapu. Sikumwuliza jina. Nilikumbuka wakati trela ilikuwa imeshaingia barabarani.