Elisabethville Baada ya Vita: Neema ya Shaba na Mipaka Yake

Baada ya mwaka 1945, mji wa Elisabethville katika jimbo la Katanga, Kongo ya Kibelgiji, ambao leo ni Lubumbashi, ulitajirika bila kugawana utajiri wake kwa haki. Shaba ya kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilipanda bei, hasa wakati wa vita vya Korea (1950–1953), na mji ukapata mitaa mipya ya Waafrika, kama Katuba na Ruashi, pamoja na chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1956.

Mfanyakazi wa kampuni alipewa nyumba kambini, posho ya chakula, matibabu na shule ya watoto, lakini kampuni hiyohiyo ilichunguza hata maisha ya ndani ya nyumba yake, na wengi walikumbuka Desemba 1941, askari walipowaua kwa risasi wagomaji waliodai nyongeza ya mshahara. Wale walioitwa évolué, yaani Waafrika waliosoma, waliahidiwa mwaka 1952 hadhi ya kisheria iliyokaribia ile ya Wazungu, ila masharti yalikuwa ya kudhalilisha na waliofaulu walikuwa wachache mno.

Uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957 uliwapa umeya wa mitaa ya Waafrika watu waliotoka nje ya Katanga, hasa jimbo la Kasai, wakati ambapo bei ya shaba ilikuwa imeshuka na ajira kupungua. Mwaka uliofuata wenyeji waliojiona wametengwa waliunda chama cha CONAKAT, ambacho Moïse Tshombe alikuja kukiongoza.