Pesa za Reli na Masharti ya Bi Garrett

Johns Hopkins alifariki mkesha wa Krismasi mwaka 1873 katika mji wa Baltimore, Marekani, akiwa hana mke wala mtoto. Aliacha wasia uliotenga dola milioni 7, karibu nusu ziende kuanzisha hospitali na nusu chuo kikuu, vyote viwili kwa jina lake. Hadi siku hiyo Marekani haikuwa imepata kuona urithi mkubwa namna hiyo ukielekezwa kwenye hisani.

Mwenyewe hakufika mbali kishule. Wazazi wake walilima tumbaku jimboni Maryland, na walikuwa Waquaker, dhehebu ambalo watu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanalijua kama Kanisa la Marafiki. Alitolewa darasani akiwa na miaka 12 akasaidie shambani, na alipofika miaka 17 akapelekwa Baltimore kwa ami yake aliyekuwa muuza vyakula. Baadaye akafungua biashara na ndugu zake. Wateja wasio na fedha taslimu walilipa kwa wiski, naye akaiuza, jambo lililowaudhi Waquaker wenzake hata wakamtenga kwa muda. Utajiri hasa ulitoka kwenye hisa za Reli ya Baltimore na Ohio. Kwa miaka mingi alisifiwa kuwa adui wa utumwa. Lakini Desemba 2020 chuo chenyewe kilitangaza kwamba sensa za 1840 na 1850 zinaonyesha watumwa katika kaya yake, mmoja katika ya kwanza na wanne katika ya pili.

Wasia wake kuhusu chuo ulikuwa na maneno machache mno. Haukusema kifundishe nini wala kimpokee nani. Ulichokuwa nacho ni ushauri mmoja wa mfanyabiashara: wadhamini wasiziuze hisa 15,000 za reli alizowaachia. Ushauri huo tutaurudia.

Wadhamini, kwa kukosa maelekezo, waliwaandikia marais wa vyuo vya Harvard, Cornell na Michigan kuuliza nani anafaa kuwaongoza. Wote watatu walimtaja mtu yule yule, Daniel Coit Gilman, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California. Gilman alisimikwa tarehe 22 Februari 1876, na badala ya kujenga majumba ya fahari akatumia pesa kwa watu. Wakati huo kijana wa Kimarekani aliyetaka kufanya utafiti wa kweli alipanda meli kwenda Leipzig, Göttingen au Berlin. Chuo cha Yale kilikuwa kimeanza kutoa shahada ya uzamivu tangu 1861, lakini hapakuwa na chuo kilichoifanya kuwa kazi yake kuu. Gilman akatangaza nafasi 20 za ufadhili, dola 500 kwa mwaka kila moja, kwa wahitimu waliotaka kuendelea kusoma na kutafiti. Maombi yalipita 100.

Leo mwanafunzi wa uzamivu anayelipwa posho ili akae maabara haoni ajabu yoyote. Mwaka 1876 kumlipa mtu mzima, aliyekwisha hitimu, ili aendelee kuwa mwanafunzi lilikuwa jambo geni kabisa kwa Wamarekani wengi. Miongoni mwa waliopata nafasi hizo alikuwamo Josiah Royce, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri. Yeye na wenzake watatu walitunukiwa shahada za kwanza za uzamivu za chuo hicho mwaka 1878.

Matunda hayakukawia. Katika maabara ya Ira Remsen, mwanakemia Constantin Fahlberg alitoka kazini jioni moja, akaketi kula, na mkate ukamjia mtamu kupita kawaida. Akalamba vidole. Akarudi mbio maabara akaanza kuonja kila chombo alichokuwa amekishika mchana kutwa, jambo ambalo mwalimu wa kemia wa siku hizi angemfukuzia mwanafunzi. Ndivyo ilivyogunduliwa sakarini. Fahlberg aliposajili hataza bila Remsen, urafiki wao ukafa hapo hapo.

Basi huo ndio uzuri wa pesa isiyo na masharti: Gilman aliifinyanga alivyotaka. Ubaya wake ni kwamba na wadhamini nao waliifinyanga walivyotaka. Mwaka 1878 Christine Ladd aliomba kusoma hisabati. Profesa James Joseph Sylvester, ambaye Cambridge ilikuwa imemnyima shahada kwa miaka mingi kwa sababu ni Myahudi, alikuwa amekwisha kuona kazi za Ladd katika majarida ya Uingereza, akamtetea. Ladd akaruhusiwa kuhudhuria mihadhara, akapewa hata posho ya ufadhili, lakini jina lake halikuchapishwa pamoja na majina ya wafadhiliwa wengine. Mwaka 1882 alikuwa amemaliza tasnifu na kila kilichotakiwa. Shahada hawakumpa.

Kisa cha Kelly Miller kinauma zaidi. Mama yake alizaliwa utumwani. Yeye alisoma Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na mwaka 1887 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupokewa Johns Hopkins, akisoma hisabati, fizikia na astronomia. Wakati ule ule Reli ya Baltimore na Ohio ilikuwa inayumba, na gawio la hisa likasimama. Sasa zile hisa 15,000 ambazo marehemu alishauri zisiuzwe zikawa karatasi tu. Marafiki wa chuo walichangishana zaidi ya dola 100,000 kukiokoa, harambee ya matajiri. Ada nayo ikapandishwa. Miller akashindwa kulipa, na mwaka 1889 akaondoka bila shahada. Alirudi Howard akafundisha, na mwaka 1907 akawa mkuu wa kitivo chake cha sanaa na sayansi.

Hospitali ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1889, lakini pesa za kufungua shule ya tiba ziliota mbawa. Hapo ndipo alipoingia Mary Elizabeth Garrett. Baba yake, John Work Garrett, alikuwa rais wa reli ile ile na rafiki wa Hopkins, kwa hiyo pesa zake zilitoka kwenye chemchemi moja na za marehemu. Alishirikiana na Martha Carey Thomas, ambaye naye alipokewa Johns Hopkins mwaka 1877, akazuiwa kuingia semina pamoja na wanaume, akaenda kuchukua uzamivu wake Zurich. Wanawake hao na wenzao walichangisha dola 100,000 mwaka 1890 kwa sharti moja: shule ya tiba ipokee wanawake. Wadhamini wakajibu kwamba zinahitajika 500,000. Desemba 1892 Bi Garrett akatoa dola 306,977 kutoka mfukoni mwake na kufikisha kiasi hicho.

Kwa dola hizo akaongeza masharti. Wanawake wapokewe sawasawa na wanaume, na wapate tuzo na vyeo sawa. Kila mwombaji, mwanamume au mwanamke, awe na shahada ya kwanza, awe amesoma sayansi za msingi, na ajue Kifaransa na Kijerumani. Masharti yachapishwe kila mwaka katika kalenda ya shule. Yakivunjwa, pesa zirudi kwake.

Maprofesa waliona ameweka kizingiti kirefu mno. Inasimuliwa kwamba daktari William Osler alimtania mwenzake William Welch kuwa wana bahati wameingia kama walimu, maana kama wanafunzi wasingepokewa. Lakini wadhamini walihitaji pesa, wakatia saini. Oktoba 1893 shule ikafunguliwa na wanafunzi 18, watatu wao wanawake, na viwango vya Garrett vikaja kuigwa na shule nyingine za tiba za Marekani.

Upande wa pili wa chuo, ambako hakuna aliyekuwa ameandika sharti lolote, Florence Bascom alipata uzamivu wa jiolojia mwaka huo huo wa 1893, kwa kibali maalumu, baada ya kusikiliza mihadhara akiwa nyuma ya pazia ili asiwasumbue wanaume. Milango ya masomo ya juu haikufunguliwa rasmi kwa wanawake hadi 1907. Christine Ladd, ambaye kwa ndoa alikuwa Ladd-Franklin, alipewa shahada yake mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 78.

Sisi huku tumezoea kulalamikia masharti ya wafadhili, na mara nyingi tuna haki. Ila kwa Baltimore mimi niko upande wa Bi Garrett. Mwaka 2024 Michael Bloomberg, aliyehitimu hapo 1964, alitoa dola bilioni 1, na sehemu kubwa inalipa ada ya wanafunzi wa tiba wanaotoka familia zenye kipato cha chini ya dola 300,000 kwa mwaka. Naye ameandika ni nani wa kunufaika.