Neno na Mlango: Historia Fupi ya Maneno Yaliyokatazwa katika Matangazo ya Nyumba Marekani

Mnamo Januari 1970 gazeti moja la kila wiki katika jimbo la Maryland lilichapa tangazo dogo la kupangisha vyumba vyenye samani katika nyumba ya mtu binafsi iliyoelezwa kuwa "nyeupe". Mhariri alishtakiwa, na mwaka 1972 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Serikali ya Marekani dhidi ya Hunter, iliamua kwamba sheria imevunjwa. Kesi hiyo yawahusu wanaisimu, kwani majaji walikabiliwa na swali letu la kila siku: maana ya neno hukaa wapi?

Katika Kiswahili "nyumba nyeupe" ni suala la chokaa. Anayetaka kutaja watu hana budi kusema "nyumba ya Wazungu". Kiingereza hakina kinga hiyo, kwa kuwa sifa ile ile hutumika kwa ukuta na kwa binadamu. Mahakama haikutafuta jibu katika kamusi, bali iliuliza msomaji wa kawaida angelielewaje tangazo lile.

Sheria ya makazi ya 1968, iliyotiwa saini siku saba baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ilikuwa na jambo la ajabu. Mwenye nyumba ndogo aliyeishi humo mwenyewe hakufungwa na sheria hiyo katika kumchagua mpangaji. Lakini hata yeye alikatazwa kuutangaza ubaguzi wake. Yafaa tuielewe tofauti hiyo. Anayemkataa mtu mlangoni humkataa mmoja. Tangazo huwakataa wote walisomao, hata kabla hawajaondoka kwao.

Baadaye sheria ilipanuliwa: jinsia iliongezwa mwaka 1974, ulemavu na familia zenye watoto mwaka 1988. Mwongozo wa serikali wa 1989 ulitaja maneno ya kuepukwa yatumiwapo kibaguzi, miongoni mwao "binafsi" na "ya jadi". Hofu ilienea kupita mipaka ya sheria, hata waraka wa Januari 1995 ukalazimika kueleza kwamba si kosa kuandika "chumba cha bwana", yaani chumba kikuu cha kulala, wala kusema kituo cha basi ni mwendo wa miguu. Hata hivyo, mwaka 2020 chama cha mawakala wa nyumba cha Houston kiliacha kwa hiari kutumia "chumba cha bwana" katika orodha zake, kwa sababu jina hilo lilikumbusha utumwa.

Kwa maoni yetu, mambo mawili yamechanganywa hapa. Liko neno lifungalo mlango, na liko neno lichomalo moyo. La kwanza ni la sheria. La pili ni la adabu, na adabu hujirekebisha yenyewe. Tena mlango waweza kufungwa pasipo neno lolote. Mwaka 1991, katika kesi ya Ragin dhidi ya New York Times, mahakama ilikubali kwamba matangazo yenye picha za Wazungu watupu yaweza kuvunja sheria ile ile. Hakuna orodha ya maneno ambayo ingeyanasa matangazo hayo. Kipimo cha msomaji wa kawaida kiliyanasa.

Basi anayehesabu maneno mabaya ataendelea kuhesabu, na mbaguzi atatafuta mengine. La kuulizwa ni moja: baada ya kulisoma tangazo, ni nani ajuaye kwamba asijisumbue kubisha hodi?