Pembe Begani, Jembe Nyumbani

Mvua za masika zilipokatika na mtama kuingia ghalani, vijiji vya Unyamwezi vilianza kupungukiwa wanaume. Walishika njia ya mashariki, wengine na pembe za ndovu begani, wakavuka Ugogo na nyika ya Marenga Mkali, hata wakafika Bagamoyo baada ya miezi miwili au mitatu. Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifungua njia hiyo, karibu na mwaka 1800, kabla misafara ya wafanyabiashara wa Pwani haijaanza kumiminika bara. Miaka hamsini baadaye, upagazi ulikuwa kazi ya kujulikana, yenye vyeo vyake, bei zake na maringo yake.

Habari za njia hiyo zimetufikia hasa kwa kalamu za watu waliotaka majina yao yadumu. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857 wakitafuta maziwa makuu na chanzo cha Mto Nile. Henry Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone. Vitabu vyao vimejaa malalamiko juu ya wapagazi: watoro, wavivu, walafi, watu wasiojali ukubwa wa jambo wanalosaidia kulitimiza. Lawama hiyo ya mwisho ilikuwa na ukweli. Chanzo cha Mto Nile hakikumkosesha mpagazi usingizi. Alikuwa na mambo yake.

Burton mwenyewe, pamoja na ulimi wake mkali, aliona kitu na akakiandika. Watoto wa Kinyamwezi, alisema, walizoezwa tangu wadogo kubeba vipande vidogo vya pembe, na kijana asiyewahi kufika Pwani alidharauliwa. Wenzake walimfananisha na kuku anayeatamia mayai. Safari ilimfanya mtu kuwa mwanamume, akaweza kusimama mbele ya wazee na kuposa.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka wa mpagazi, chungu chake, silaha yake na chakula chake. Waliobeba pembe ndio walioheshimika kuliko wote. Walitembea mbele, nyuma ya kirangozi, kiongozi wa njia, aliyejipamba manyoya na kitambaa chekundu, na wengine walifunga kengele kwenye ncha ya pembe ili kila hatua isikike. Pembe kubwa mno ilitundikwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili. Wabebaji wa nguo na shanga walifuata, na wa vyombo vya kambi walikuja nyuma yao. Asiyejua ngazi hizo angeona mstari wa watu wenye mizigo tu. Wenyewe walijua nani ni nani.

Je, walipata nini? Merikani na kaniki, shanga, jembe jipya, pengine bunduki. Vitu hivyo viligeuzwa kuwa ng'ombe, mbuzi na mahari. Wapo pia waliotumia mapato yao kununua watumwa wa kuwalimia mashamba wakati wenyewe wako safarini, na anayetaka kuusifia upagazi asiliruke jambo hilo. Lakini kwa wengi hesabu ilikuwa fupi: nenda, rudi, panda, vuna, na mwaka mwingine ukipenda nenda tena. Msimu wa kupanda ulipokaribia, kupata wapagazi Bagamoyo kulikuwa shida, hata kwa mwenye nguo nyingi. Mzungu aliyekuwa na haraka ya kufika ziwani aliuona huo kuwa uzembe. Mpagazi aliyekuwa na shamba la mtama aliona kinyume chake: mzembe ni yule anayeacha mvua ya kwanza ipite.

Lakini kuridhika kwao hakukuwa upole. Posho ilipimwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kununulia chakula, na kiongozi wa msafara aliyepunguza posho asubuhi angekuta mizigo imelala chini. Walikaa na kujadiliana, wakatuma wasemaji, na shauri lisipokubaliwa hawakunyanyua kitu. Wengine waliondoka usiku. Mara nyingi wasafiri wa Kizungu waliita hiyo fitina. Leo mtu yeyote wa chama cha wafanyakazi angeitambua mara moja.

Katika nchi hiyohiyo aliishi mtu ambaye kawaida haikumtosha. Mirambo, ambaye Stanley aliandika kwamba naye aliwahi kuwa mpagazi wa Mwarabu, alikusanya wapiganaji walioitwa rugaruga, akaunganisha himaya za watemi jirani, na kuanzia mwaka 1871 akapigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora hadi njia ya Ujiji ikafungika. Stanley alipokutana naye mwaka 1876 walichanjiana damu, na mwandishi huyo akamlinganisha na Napoleon. Alikuwa kweli mtu wa akili nyingi na nguvu za kutisha. Alifariki Desemba 1884, na haikupita miaka kumi kabla himaya yake haijasambaratika. Dar es Salaam ina Mtaa wa Mirambo. Mtaa wa mpagazi aliyebeba mzigo kupita katikati ya vita vyake itabidi utafutwe sana.

Baadhi ya watu wa njia waliguswa kidogo na umaarufu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa India na kurudi Zanzibar akiwa huru, alitumika katika misafara ya Burton na Speke, kisha ya Stanley, kisha ya Verney Cameron aliyevuka bara mpaka Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali na pensheni. Livingstone alipofariki katika kijiji cha mtemi Chitambo mwaka 1873, watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao walikausha maiti yake na kuibeba miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. London ikaagiza medali 60 za fedha kwa ajili ya msafara huo. Wakati Ulaya ikiandaa sifa hizo, baadhi ya waliostahili walikuwa wameshachukua kazi nyingine: Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na watu zaidi ya 300, wakiwemo waliombeba Livingstone.

Ndui iliua, kuhara kuliua, njaa ya Ugogo iliua, na aliyeugua njiani aliweza kuachwa chini ya mti. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1890 huenda watu 100,000 kwa mwaka walipita njia hiyo, wengi wao kwa hiari yao.

Reli ndiyo iliyoufuta upagazi. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na miongoni mwa waliochimba tuta lake walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoingia, Wajerumani na Waingereza waliwarudisha watu kwenye mizigo, safari hii kwa kulazimishwa, bila majadiliano ya posho, na makumi ya maelfu walikufa. Baada ya hapo Wanyamwezi wengi walielekea kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wakafanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na mameneja wakaanza kulalamika upya, karibu kwa maneno yaleyale ya Burton, kwamba watu hawa wakishapata kinachowatosha hurudi kwao kulima.

Kitu kimoja cha njia ile kinaendelea kufanya kelele. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wanahistoria wengi wanaona utani huo ulikomaa wakati misafara ikipita na kulala katika vijiji vya njiani. Msiba ukitokea Uzaramoni, mtani Mnyamwezi anaweza kufika, akamwiga marehemu alivyotembea, akazuia jeneza na kudai pesa mbele ya wafiwa, na watu waliokuwa wakilia wanaanza kutafuta noti mifukoni huku wakicheka.