Somo la Historia: Redio na Hesabu ya Dini

Leo tunasoma habari ya mwaka 2012. Someni polepole, mstari kwa mstari, kisha mzungumze na mwalimu wenu.

Ninyi mnaokaa Mtera mnajua kazi ya mizani. Mvuvi ameleta perege kutoka bwawani. Mchuuzi anawatazama tu, anasema, "Hizi ni kilo 20." Je, mvuvi atakubali? Hapana. Atasema, "Weka mizanini kwanza." Shikeni neno hilo, tutalihitaji.

Mwaka 1967 serikali yetu ilihesabu watu, na makarani wa sensa waliuliza pia dini ya kila mtu. Jibu lilikuwa hili: katika Tanzania Bara, karibu theluthi moja walikuwa Wakristo, karibu theluthi moja Waislamu, na waliobaki, zaidi kidogo ya theluthi, walifuata dini za jadi. Hapa Ugogo wazee waliokuwa wakitambikia mvua walikuwa katika fungu hilo la tatu. Siku hizi watu wakibishana juu ya wingi wa dini, fungu hilo hawalitaji kabisa. Mimi naona ni ajabu.

Baada ya mwaka huo swali la dini halikuulizwa tena. Halikuulizwa 1978, wala 1988, wala 2002. Serikali ilieleza kwamba haipangi shule, visima na hospitali kwa kufuata dini za watu.

Sasa tuje kwenye redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa chombo cha serikali tangu 1965. Mrithi wake ni Shirika la Utangazaji Tanzania, yaani TBC. Shirika hili ni la wananchi wote, Mwislamu na Mkristo, na kodi ya kila mmoja imo ndani yake.

Sensa ilipangwa kuanza tarehe 26 Agosti 2012. Kabla ya siku hiyo vikundi vya Waislamu viliilalamikia TBC. Walisema imetangaza takwimu za dini zinazoonyesha Wakristo kuwa wengi kuliko Waislamu. Waliuliza: kama serikali haihesabu dini, hesabu hii imetoka wapi? Swali hilo lilikuwa la haki. Mizani haikuwapo tangu 1967. Mtu binafsi akitaja namba kibarazani, tunacheka tu. Chombo cha taifa kikiitaja, msikilizaji hudhani serikali imesema.

Basi baadhi ya Waislamu walidai swali la dini lirudishwe katika dodoso, la sivyo wasihesabiwe. Si wote waliokubali mgomo huo, wengi walihesabiwa. Wako waliokamatwa kwa kukataa. Mwishoni hesabu ya taifa ilikuwa watu 44,928,923. Swali la dini halikuwamo. Katika sensa ya 2022 pia halikuwamo.

Tena Februari 2013 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia redio mbili kwa miezi sita. Radio Imaan ya Morogoro, ya Waislamu, ilishtakiwa kwa kushawishi watu wasihesabiwe. Redio Kwa Neema ya Mwanza, ya Wakristo, ilishtakiwa kwa uchochezi katika ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuza. Ugomvi ule wa Kanda ya Ziwa ulikuwa umekwisha kumwaga damu ya mtu.

Angalieni tofauti. Redio ya dini, hata mtoto anajua inasema kwa niaba ya nani. Redio ya wote haina ruhusa hiyo. Kwa hiyo namba moja isiyo na chanzo, ikitoka huko, huumiza zaidi ya hotuba ndefu ya redio ya dini.

Kazi ya darasa: andikeni katika madaftari yenu maneno haya: sensa, karani, dodoso, theluthi, chanzo. Kisha kila mmoja amtafute mzee aliyehesabiwa mwaka 1967, amwulize alimjibu nini karani juu ya dini yake.