Seva ya DHIS2 ikigoma baada ya kuboreshwa: Fundi aanzie wapi?

Takwimu za vituo vya afya vya Unguja na Pemba huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria unaoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kutumiwa na Wizara ya Afya Zanzibar. Seva ikigoma wakati wa ripoti za mwezi, kituo cha Makunduchi kinabaki na daftari lililojaa, na wanaopanga dawa mjini hawaoni kitu.

Moja ya sababu za mifumo ya aina hii kugoma, hasa ikitoka kuboreshwa, ni mgongano wa matoleo ya maktaba.

Mgongano ni nini?

DHIS2 imeandikwa kwa Java na huendeshwa ndani ya Tomcat. Hubeba maktaba nyingi, yaani faili za JAR zenye msimbo ulioandikwa na watu wengine.

Matoleo mawili ya maktaba moja yakikutana, ni kama kuita "Juma!" kwenye mtaa wenye akina Juma wawili: anayetokea kwanza ndiye anayepewa kazi, hata kama siye. Tomcat haiahidi itaanza na JAR ipi kwenye WEB-INF/lib. Ndiyo maana programu inakubali kwenye kompyuta ya fundi, halafu inagoma kwenye seva.

Dalili kwenye logi

- NoSuchMethodError: maktaba ipo, ila toleo siyo.
- ClassNotFoundException: kinachotafutwa hakipo kabisa.
- ClassCastException yenye jina lile lile pande zote mbili: kitu kimoja kimepakiwa mara mbili.

Tomcat 9 au 10?

Tomcat 10 ilibadili majina: javax.servlet ikawa jakarta.servlet. DHIS2 hadi toleo la 41 inataka Tomcat 9. Kuanzia toleo la 42 inataka Tomcat 10. Hapa kuongeza JAR hakusaidii. Kinachobadilishwa ni Tomcat yenyewe.

Hatua za kufuata

1. Soma logi hadi "Caused by" ya mwisho. Chanzo huwa hapo.
2. Linganisha matoleo ya Java, Tomcat na mfumo.
3. Kagua folda ya lib ya Tomcat. Maktaba za programu zisiwekwe humo.
4. Zima Tomcat, futa folda ya zamani ya programu kwenye webapps, ndipo uweke WAR mpya. Vinginevyo JAR za zamani zinaweza kubaki.
5. Kwa programu uliyoitengeneza mwenyewe, endesha mvn dependency:tree. Maven huchagua toleo lililo karibu na mzizi wa mti, si lililo jipya zaidi. Toleo unalotaka liandike kwenye dependencyManagement.

Usirudi nyuma kiholela

Kurudisha maktaba ya zamani ili mradi mfumo uwake ni hatari. Desemba 2021, tundu la Log4j liliwapa wavamizi njia ya kuendesha msimbo wao kwenye seva za watu duniani kote. Dawa ilikuwa kupanda toleo.

DHIS2 mpya ikiwashwa hubadilisha pia muundo wa hifadhidata ya PostgreSQL, na toleo la zamani halitaielewa tena. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye seva ya pembeni, na chukua nakala ya hifadhidata kabla ya kugusa chochote. Bila nakala, hakuna kurudi.