Mizani 16 na Haki ya Kujibu

Leo hakuna habari za programu mpya wala za hifadhidata. Nitaandika juu ya mashairi. Wale mnaotaka kukimbia subirini kidogo, maana hesabu zitakuja.

Tulipofundishwa historia ya ushairi wa Kiswahili tulipewa majina makubwa na tarehe: fulani alizaliwa, akatunga, akafa. Anayekosekana katika masimulizi hayo ni msomaji. Simaanishi msomaji anayekaa kimya. Namaanisha yule aliyekutana na shairi la mtu asiyemjua, likamchoma au likamfurahisha, akachukua kalamu akamjibu kwa shairi. Huyo ndiye aliyewalea watunzi wa kawaida, na ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Nasema watunzi wa kawaida kwa sababu karibu wote walikuwa na kazi nyingine. Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa karani wa forodha. Mathias Mnyampala (1917–1969) alikuwa mwalimu, kisha mtumishi wa serikali. Amri Abedi (1924–1964) alikuwa mhubiri wa dini, baadaye meya wa Dar es Salaam na waziri. Ushairi waliufanya jioni, taa ikiwaka, kama sisi tunavyoandika programu zetu za bure baada ya kazi ya mwajiri.

Tuangalie kwanza mtambo wenyewe. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, nane upande wa ukwapi na nane upande wa utao. Kila upande una kina chake. Sasa nitunge mshororo mmoja wa hapa kwetu:

Nimeinunua simu, haidumu nayo chaji.

Hesabuni kwa vidole: nane na nane. Vina ni "mu" na "ji". Mtu akitaka kunijibu, anachukua vina vyangu vilevile na kunirudishia:

Kosa si la hiyo simu, ni lako mtumiaji.

Mnaona? Kanuni ileile inayonibana mimi ndiyo inayompa mwenzangu mahali pa kushika. Hahitaji kujua jina langu, kabila langu wala cheo changu. Anahitaji "mu", "ji" na vidole vya kuhesabia. (Kwa wanaopenda kujaribu: ukiandika programu ya kuhesabu mizani kwa kuhesabu irabu peke yake, "mtumiaji" itakupa 4 badala ya 5, maana ile "m" ya mwanzo inasimama peke yake. "Mtu" ana mizani mbili, "mbwa" mbili, na "mbuzi" mbili vilevile ingawa anaanza na herufi zilezile za mbwa. Nimeliacha tatizo hilo kwenu.)

Kuna faida ya pili. Tukituma data, tunaambatisha nambari ya kukagulia ili mpokeaji ajue kama kuna kitu kimepotea njiani. Mizani na vina vinafanya kazi ya namna hiyo. Ukisema "haidumu na chaji", silabi moja imeanguka na sikio linashtuka papo hapo. Bila shaka ukaguzi huu si kamili: neno likibadilishwa kwa jingine lenye urefu na kina sawa, hitilafu inapita bila kuonekana. Hata hivyo umesaidia sana.

Chukueni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Wakati wa ugomvi wa Mombasa ya Wamazrui na Lamu, uliofikia kilele katika vita vya Kuduhu yapata mwaka 1813, washairi wa miji hiyo walitupiana mashairi kama watu wanavyotupiana mawe. Upande wa Lamu alikuwepo Zahidi Mngumi, ambaye alikuwa kiongozi na mshairi pia. Shairi likitoka mji mmoja lilijibiwa na mwingine. Muyaka alipofariki, mengi ya mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu wa Mombasa, na ilipita miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua na mmisionari Mwingereza William Taylor hawajayakusanya na kuyaandika. William Hichens aliyachapisha mwaka 1940 kwa jina Diwani ya Muyaka. Mengine ukiyasoma leo unapata taabu, kwa sababu ni nusu ya mazungumzo. Ni kama kumsikiliza mtu akiongea na simu huku humsikii wa upande wa pili.

Halafu ukaja uchapaji. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, likitolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Lilikuwa la kila mwezi na lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji. Hapo malumbano yaliyokuwa ya mji kwa mji yakawa ya nchi nzima. Mtu wa Tanga angeweza kumjibu mtu wa Tabora bila kuonana naye maisha yake yote. Huku Kenya, gazeti la Baraza lilianza mwaka 1939, na baadaye Taifa Leo nalo likawa na mahali pa mashairi ya wasomaji.

Desturi zake zinanifurahisha. Ubeti wa kwanza mara nyingi ulimwomba mhariri nafasi, wa mwisho ukaaga kwa "kaditama", jina na mji vikafuata chini. Wengine walitumia majina ya kupanga. Wengine walitoa fumbo wakawataka malenga wenzao walifumbue, na ufumbuzi ulitakiwa uje kwa vina na mizani. Fikirieni mwendo wake: unatuma barua kwa posta, unasubiri toleo litoke, mwenzako analisoma, anatunga, naye anatuma. Jibu likija mapema umengoja miezi. Lakini kusubiri huko kulikuwa na neema yake, kwani huwezi kumtukana mtu kwa haraka ikiwa matusi yenyewe yanatakiwa yawe na silabi nane kila upande.

Msidhani lakini kwamba palikuwa pahali pa upole. Mtunzi mchanga aliyekosea mizani alihesabiwa silabi zake hadharani, nchi nzima ikisoma. Aliyelazimisha kina kwa neno lisilokuwepo aliulizwa amelitoa wapi. Kwa mtu asiyezaliwa pwani jambo hili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu chini yake kulikuwa na swali kubwa: Kiswahili ni cha nani? Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma. Hakurithi ushairi huu kutoka kwa mababu zake. Aliingia kwa mlango wa kanuni, na kanuni hazina kabila, ingawa wanaozisimamia huwa nalo. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, kazi yake kwangu inafanana na ya mtu anayeandika mwongozo wa programu ambayo hapo awali ilijulikana na mafundi wake tu. Kijana yeyote mwenye kitabu hicho angeweza kujifunza, kutunga, kukosolewa na kurudi tena.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani. Wanamapokeo waliona nyumba inabomolewa. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Mabishano haya yamefundishwa sana, kwa hiyo sitayarudia yote. Nitasema tu ninavyoona mimi. Kezilahabi alikuwa na haki ya kutunga alivyotunga, na Kichomi ni kitabu kizuri. Lakini watetezi wa pande zote mbili walijadili sura ya shairi, wala hawakumjali sana yule karani wa posta aliyekuwa akijibu. Shairi huru halimpi kina cha kurudisha. Anaweza kulipenda au kulichukia, lakini akitaka kulijibu itabidi aandike makala, na makala ni mchezo wa wahadhiri. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo pengo kubwa, wala si muziki uliopotea.

Shule nazo zimelipanua. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtahiniwa hupewa shairi na kuulizwa bahari yake, vina vyake na uhuru wa mshairi. Anajifunza istilahi zote, tena vizuri. Lakini anayemjibu ni mtahini, si mshairi.

Na kumbe, miaka hiyohiyo ya ugomvi wa vyuoni, kule Lamu watu walikuwa wakiendelea kujibizana kwa chombo kipya. Katika uchaguzi wa katikati ya miaka ya 1970 wafuasi wa wagombea walishambuliana kwa tungo zinazojulikana kama Kimondo, na kanda za kaseti zikazisambaza. Kaseti haihitaji mhariri. Ukiwa na redio ya kurekodia wewe ni kituo cha utangazaji, na anayekupinga akirekodi jibu lake naye ni kituo. Katika mazingira ya kanda hizo alijulikana Ustadh Mahmoud Mau, aliyezaliwa 1952, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwoka mikate kabla ya kujulikana zaidi kama imamu. Mwaka 2023 mashairi yake yalichapishwa Uholanzi katika kitabu kikubwa chenye tafsiri ya Kiingereza.

Ubeti wangu wa simu una mshororo mmoja tu, na jibu lake nililitunga mwenyewe, jambo ambalo kwa desturi ni aibu kidogo. Mwenye mishororo mitatu ya kuumalizia, au wa kunipinga, alete. Vina ni "mu" na "ji", na mizani nitahesabu.